Asilimia za Vitus

Farhan alipanga pawabenki tano juu ya kaunta ya kioo, kuanzia ile nyembamba kama kipande cha sabuni hadi ile nene kama tofali la kuchoma, akazifuta vumbi moja moja kwa kitambaa cha miwani. Ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi, Soweto, Mbeya, baridi ya Julai imekaza na wateja wanaingia dukani wakiwa wamekunja mikono kwapani. Mbele yake alisimama mwanamke wa makamo mwenye sweta la kijani. Alikuwa ametoa mkobani simu ndogo ya batani, simu ya kupangusa, na kishikwambi cha aina ile waliyogawiwa walimu.

"Mwalimu, tuanze na hili," Farhan alisema. "Vifaa vya kuchaji ni vingapi?"

"Vyangu hivi vitatu. Na vya majirani."

"Majirani wangapi?"

Mwalimu Juliana alifikiri kidogo. "Kijiji," alisema.

Farhan alizirudisha kabatini zile mbili nyembamba. "Nyumbani umeme upo?"

"Nguzo zipo. Umeme bado."

"Sasa mnachajije?"

"Anachaji mume wangu, kwa mikono. Alifariki mwezi wa tatu."

"Pole sana, mwalimu. Mungu amrehemu." Farhan aliinua pawabenki ya tatu, akaisogeza pembeni. "Basi hii tuiondoe. Inavuta chaji kwa nguvu mno. Mtu mzima wa afya angechoka, sembuse marehemu."

"Sitaki aijaze yeye," Juliana alisema. "Nataka niwe naijaza mwenyewe mjini Iringa, nirudi nayo, watu wachajie hapo. Yeye apumzike."

"Kumbe!" Farhan aliirudisha ile pawabenki katikati ya kaunta. "Hiyo ni habari nyingine kabisa. Unataka inayoingiza haraka na kutoa taratibu."

Nyuma yake, kwenye kiti cha plastiki, alikaa mama yake, Bi Mwanakhamisi, amejifunika kanga mbili juu ya sweta. Alikuwa akisikiliza bila kuinua macho kutoka kwenye tasbihi yake.

"Anakuja kila siku?" aliuliza.

"Kila siku jioni, mama. Isipokuwa Jumapili. Hata alipokuwa hai, Jumapili alikuwa hafanyi kazi."

"Una bahati," Bi Mwanakhamisi alisema. "Baba yake Farhan alikuja mara mbili tu."

Vitus, mumewe Juliana, alikuwa kibarua wa mkandarasi aliyepewa kazi ya kupeleka umeme Igulumiti, kijiji kilicho mbele ya Tosamaganga, mkoani Iringa, ambako gari la abiria hufika mara moja kwa siku, barabara ikiwa kavu. Nguzo zililetwa kutoka Mafinga zikiwa bado zinanuka dawa. Vitus alipata kazi kwa sababu alijua kukwea. Ujana wake wote aliumalizia kwenye misitu ya paini, akipogoa matawi ya juu ambayo wenzake waliyaogopa. Vibarua walikuwa tisa na glavu zilikuwa jozi mbili.

Siku aliyokufa, laini ya umeme ilitakiwa kubaki imezimwa hadi saa kumi jioni. Lakini kijiji cha pili, ng'ambo ya bonde, kulikuwa na uzinduzi wa umeme, na mgeni rasmi aliwahi kufika kuliko ratiba. Ili taa iwake mbele ya mgeni, msimamizi wa vibarua, mtu aitwaye Sifaeli, alipiga simu saa nane kasoro robo kusema kwamba hakuna mtu juu ya nguzo yoyote. Laini ikawashwa. Vitus alikuwa juu ya nguzo ya kumi na saba.

Kabla polisi hawajafika, alivuliwa reflekta, kile kizibao cha rangi ya chungwa chenye jina la kampuni mgongoni, akavuliwa na viatu, kwa kuwa vyote vilikuwa mali ya stoo. Daftari la mahudhurio la siku ile lilinakiliwa upya kwenye daftari jipya, na katika kunakili, majina yakawa manane. Taarifa ilisema kwamba mtu asiye mfanyakazi alipanda nguzo bila idhini. Haikutaja neno wizi. Kila aliyeisoma pale kijijini aliliweka mwenyewe: mwizi wa nyaya. Vibarua wanane waliobaki walisema hawakuona kitu. Walikuwa na nguzo arobaini bado hazijasimikwa. Mwenyekiti wa kijiji, Adrian, ambaye shamba lake la mahindi lilipakana na la Vitus, alitia sahihi kwamba taarifa ni sahihi.

Siku ya tisa baada ya mazishi, saa kumi na mbili jioni, muda aliozoea kutoka kazini, Vitus alirudi. Alifuta miguu kwenye gunia la mlangoni, kwa sababu alikuwa peku, akainama kupita mlango ambao siku zote ulikuwa mfupi kwake, akaketi kwenye kigoda karibu na jiko. Juliana alikuwa anachambua maharage.

"Umechelewa," alisema.

"Njia ina tope," Vitus alijibu.

Simu ya Juliana ilikuwa imezima siku tatu. Vitus aliichukua kutoka juu ya meza, kama alivyozoea, ili atazame saa, nayo ikawaka mkononi mwake. Alipomaliza kuuliza habari za mahindi ilikuwa imejaa. Saa mbili aliinuka, akaaga, akaenda. Juliana alifunika jiko, akasahihisha madaftari ya darasa la nne.

Habari haikai ndani ya nyumba moja. Kesho yake Adrian alifika na simu mbili. "Kamwene," alisalimia kwa Kihehe, akasimama kidogo mlangoni akiangalia chini, kisha akazitoa mfukoni. Vitus alizipokea. Baada ya wiki moja palikuwa na foleni. Watu waliweka simu kwenye ungo, kila moja imebandikwa plasta yenye jina, na Vitus alizishika mbili mbili, moja kila kiganja, akisimuliwa habari za ng'ombe na za mitihani. Katekista alileta spika ya kanisa; Vitus aliikumbatia kifuani nusu saa. Hakuna aliyemwita mwizi mbele yake. Nje ya pale waliendelea kumwita, kwa sababu taarifa ilikuwa imeshabandikwa kwenye mbao za matangazo.

Alianza kupungua mwezi wa tano. Kwanza kucha zilipoteza rangi. Kisha Juliana aliona mwanga wa taa ya chemli ukipita kwenye sikio lake, na siku nyingine kalenda ya shule iliyoning'inia ukutani ikisomeka kupitia bega lake, tarehe na sikukuu zote. Kufika Juni kigoda kiliacha kulia alipokikalia. Paka alizoea kulala pale pale, ndani ya mapaja yake, wala hakuna aliyemsumbua mwenzake.

"Wakatalie," Juliana alimwambia.

"Nitawaambia nini?"

"Waambie unaisha."

Vitus alikuwa ameshika simu ya bibi mmoja wa mtaa wa chini, ambaye mwanawe yuko Dar es Salaam na hupiga kila Jumatano. "Watu hawa wameahidiwa umeme tangu tukiwa shule ya msingi, Mwalimu," alisema. Alimwita hivyo tangu wakiwa wachumba. "Mimi nilitumwa niulete. Nimechelewa tu."

Ndiyo maana Juliana alisafiri hadi Mbeya shule zilipofungwa, akalala kwa mdogo wake Frida hapo Soweto. Siku ya Ijumaa alikwenda ofisi ya mkandarasi. Afisa usalama kazini, kijana mpole aitwaye Gwakisa, alimkaribisha kiti, akafungua faili, akasema kwamba uchunguzi unaweza kufunguliwa upya endapo atapatikana shahidi aliyekuwepo.

"Yupo," Juliana alisema. "Marehemu mwenyewe."

Gwakisa alichukua kalamu. "Anapatikana saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili. Jumapili hapatikani."

Gwakisa aliandika, akamwuliza kama gari dogo linafika.

Sasa, dukani, zilibaki pawabenki tatu. Farhan alimwekea moja katika kila kiganja, azipime uzito. Alimweleza kwamba uzito peke yake si ushahidi. Kuna wajanja wanajaza mchanga, mtu anabeba mzigo akidhani amebeba chaji. Alimwonyesha ile yenye kioo cha jua mgongoni, akamwambia ukweli kwamba kioo kile ni pambo, kwa jua la Julai la nyanda hizi itajaa baada ya wiki nzima, mvua ikinyesha hata wiki haitoshi. Nyingine iliandikwa ujazo wa chaji elfu hamsini kwa herufi za dhahabu.

"Hii ndiyo kubwa kuliko zote?" Juliana aliuliza.

"Hiyo ndiyo yenye maandishi makubwa kuliko zote. Iliyoandikwa elfu hamsini na nyepesi hivyo, hapo anayesema uongo ni karatasi." Farhan alisukuma mbele ile nyeusi, isiyo na urembo, yenye matundu mawili ya kutolea na moja la kuingizia. "Hii imeandikwa elfu thelathini. Na usitegemee zote thelathini. Chaji ikitoka humu kwenda kwenye simu, nyingine inapotea njiani, inakuwa joto. Hesabu theluthi mbili. Simu tano, sita. Kishikwambi, mara mbili na kitu."

"Inapotea inakwenda wapi?"

"Hakuna anayejua, mwalimu. Lakini ni lazima ipotee. Kutoa si kazi ya bure."

Juliana aliishika ile nyeusi kwa mikono miwili. Ilikuwa nzito na baridi. Farhan aliijaribu kwenye kishikwambi mbele yake, akasubiri namba ipande kutoka kumi na tisa hadi ishirini, akaandika namba yake ya simu nyuma ya risiti. Bi Mwanakhamisi alimwita Juliana karibu, akamfunga kanga yake moja mabegani.

"Safari ya Iringa ina upepo," alisema. "Na mwenzio msalimie."

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa nzuri. Kila asubuhi Juliana alipanda lile gari moja la abiria, liendalo mjini asubuhi na kurudi jioni, akashuka Kihesa kwa mwalimu mwenzake mstaafu, akachomeka pawabenki ukutani, akakaa hapo akishona au akimsaidia mwenyeji kumenya viazi hadi taa nne za bluu ziwake zote. Jioni aliiweka mezani nje ya mlango, na watu wakapanga simu zao pale. Wengine walinung'unika kwamba chaji ya Vitus ilikuwa inadumu zaidi. Bibi wa mtaa wa chini alisema ya mashine haina salamu.

Ndani, Vitus alikaa mikono mitupu. Siku ya nne kivuli chake kilionekana tena ukutani, hafifu kama doa la maji. Siku ya nane kigoda kililia. Paka alishtuka, akahama.

"Unanuka dawa ya nguzo," Juliana alimwambia.

"Vibaya?"

"Hapana."

Siku moja alimpa sufuria aifunike, akaifunika, na mfuniko haukuanguka. Walizungumza habari za paa, kwamba bati la jikoni limeoza upande wa mvua, na za jina la mtoto ambaye hawakujaliwa kumpata. Juliana alisahihisha kazi za wanafunzi kwenye kishikwambi, naye Vitus aliketi mbali nacho, amekunja mikono kwapani, ili asikiguse kwa bahati mbaya. Juliana hakukumbuka kama waliwahi kukaa hivyo alipokuwa hai. Wakati ule alirudi amechoka, akala, akalala.

Kisha Gwakisa akapiga simu kusema kamati inakuja Alhamisi.

Kamati ilikuwa Gwakisa na karani mmoja, binti wa Mbeya aitwaye Nusrat. Walifika saa saba mchana kwa gari kubwa la kampuni. Juliana aliwapikia wali na kuku, na kwa kuwa alijua wanakuja, pawabenki ilikuwa imejaa na ameifungia kabatini, haijaguswa na jirani yeyote. Walikula, wakashukuru, wakasubiri. Tundu la kuchajia la garini lilikuwa bovu, kwa hiyo Gwakisa aliomba pawabenki achaji simu zake mbili. Halafu akaunganisha kishikwambi cha kazi, kile cha kuandikia ushahidi, akatazama mpira humo ili muda upite. Timu yake ilifungwa dakika za mwisho. Saa kumi na moja na nusu taa ya mwisho ya pawabenki ilipepesa, ikazima. Kishikwambi kilikuwa na asilimia sita. Mpira ulikuwa umekula kilichoingia chote.

Vitus aliingia saa kumi na mbili. Alifuta miguu, akainama mlangoni, akawasalimia wageni.

"Pole na kazi, baba," Nusrat alisema.

"Nimekwisha poa."

Gwakisa alieleza utaratibu. Ushahidi lazima urekodiwe sauti na uandikwe moja kwa moja kwenye fomu iliyo ndani ya kishikwambi. Itachukua saa moja na nusu. Asilimia sita hazifiki popote.

"Andikeni kwa kalamu," Juliana alisema. "Ninayo karatasi. Ninayo rimu nzima ya shule."

"Mama, ya kalamu haipandi kwenye mfumo."

"Basi njooni kesho, nitaijaza tena."

"Kesho tuna kikao. Na mwezi huu ukiisha, faili linafungwa." Gwakisa hakusema kwa ubaya. Aliona aibu, akatazama saa yake. "Ningejua nisingetazama mpira."

Vitus alikuwa amekwisha kunyoosha mikono.

"Vitus, usikishike," Juliana alisema.

"Ni mara moja tu, Mwalimu. Wamekuja kunisikiliza."

Kishikwambi kiliwaka katika viganja vyake. Nusrat alivuta kigoda kingine karibu naye ili aweze kugusa kioo bila kukitoa mkononi mwake, na hivyo ndivyo alivyoandika, akiwa ameinama juu ya mikono ya Vitus.

"Nani alikutuma kupanda nguzo?" Gwakisa aliuliza.

"Sifaeli."

"Kwa maneno au kwa maandishi?"

"Alinyoosha kidole."

Gwakisa alisema iandikwe: kwa kidole. Asilimia ishirini na mbili.

"Ulikuwa umevaa nini?"

"Reflekta na viatu vya kampuni. Glavu zilikuwa kwa wenzangu. Reflekta niliiona ikivuliwa."

"Uliionaje na umeshafariki?"

"Nilikuwa bado sijaondoka pale."

Juliana alisimama nyuma yake. Kalenda ya ukutani ilianza kusomeka kupitia mgongo wake, kwanza miezi, baadaye tarehe. Asilimia hamsini na moja. Vitus alitaja vibarua wote wanane kwa majina na vijiji vyao, akaeleza daftari la kwanza lilikuwa na jalada la rangi gani, na kwamba jina lake lilikuwa la tatu kutoka juu kwa sababu alifika kazini mapema. Sauti yake ilikuwa inakuwa nyembamba, na Nusrat alilazimika kuinama zaidi.

"Swali la mwisho," Gwakisa alisema. "Ulijuaje kwamba laini imewashwa?"

"Nilisikia vigelegele," Vitus alisema. "Kutoka kijiji cha pili. Kina mama wanapiga vigelegele na watoto wanashangilia. Nilifurahi. Nilisema, kumbe umeme umefika."

Nusrat aliacha kuandika. Alijifuta macho kwa kona ya mtandio, akaendelea. Kishikwambi kilitoa mlio mdogo wa kuonyesha kimejaa.

Gwakisa alishukuru kwa niaba ya kampuni, akatoa mkono, akaurudisha, kwa kuwa hapakuwa na wa kuupokea. Palibaki uvuguvugu juu ya kigoda na harufu ya dawa ya nguzo. Nje, Adrian alikuwa anasubiri na simu zake mbili. Juliana alimwambia leo hapana. Adrian alizitazama simu zake. "Amenitaja?" aliuliza. Juliana alisema hapana, hakumtaja. Adrian akaondoka taratibu.

Baada ya hapo Vitus aliendelea kuja, saa ile ile. Mlango haukuinamiwa tena na gunia halikupata tope, lakini Juliana alijua amefika kwa namna ukungu ulivyotoweka kwenye kioo cha dirisha upande wa kigoda. Alisema neno moja au mawili kwa jioni nzima. Juliana alijaza pawabenki Kihesa, akaileta, akaiweka juu ya kigoda. Alijaribu kwa waya mfupi na kwa waya mrefu. Alijaribu bila waya. Taa zote nne zilibaki zinawaka, hakuna kilichotoka. Akatafuta risiti, akapiga simu Mbeya.

"Kaka Farhan, ipo inayorudisha?"

"Inayorudisha vipi, mwalimu?"

"Kwa mtu. Aliyetoa."

Juliana alimsikia Bi Mwanakhamisi akiuliza huko nyuma ni nani anayepiga. "Haijaletwa," Farhan alisema. "Nimeuliza hadi Kariakoo siku ulipoondoka. Zinazotoka China zote zinajua kuingia kwa ukutani tu. Ikija, nitakuwekea."

Barua ilifika katikati ya Agosti, wiki ambayo laini ya Igulumiti iliwashwa rasmi. Nyumba ya mwenyekiti ilipata taa, na ghala, na kanisa. Kwa Juliana waya ulipita juu ya paa ukaendelea, kwa sababu fomu ya maombi ilikuwa katika jina la Vitus, na jina hilo katika mfumo lilikuwa na alama ya kuhujumu miundombinu. Barua ililetwa na tarishi wa kampuni, Mika, aliyekuja kwa pikipiki saa kumi jioni. Juliana alinyoosha mkono.

"Samahani, shemeji," Mika alisema. "Imeandikwa kwa mhusika mwenyewe. Ni lazima atie sahihi yeye."

"Anafika saa kumi na mbili."

"Nitasubiri."

Alipewa chai na viazi vya kuchemsha. Walizungumza habari za bei ya mbolea. Saa kumi na mbili kioo cha dirisha kilipata doa jeusi lisilo na ukungu, na Mika akavua kofia. Juliana alifungua bahasha, akasoma kwa sauti ile anayotumia darasani.

Ndugu Vitus. Kamati inakushukuru kwa ushirikiano wako. Imesikiliza maelezo yako yote na kuyahifadhi. Kwa kuwa jina lako halimo kwenye daftari la mahudhurio la siku husika, kamati imeridhika kwamba hukuwepo kazini. Unakumbushwa kwamba kupanda nguzo bila idhini ni kosa, na ukirudia, hatua za kisheria zitachukuliwa dhidi yako.

"Soma tena ya mwisho," Vitus alisema. Juliana ilibidi ainame hadi kwenye kigoda ndipo amsikie. Akasoma tena.

"Sitarudia," Vitus alisema.

Mika aliweka fomu ya kupokelea juu ya kigoda, na kalamu juu yake. Kalamu ilisimama, ikaandika herufi moja, ikaanguka. Ilisimama tena. Mara ya tatu Juliana aliweka kiganja chake chini yake, akahisi joto dogo kama la yai lililotoka kutagwa, na sahihi ikakamilika, imepinda kidogo kwenda chini. Mika aliilinganisha na ile iliyokuwa kwenye faili, akaridhika.

"Kuna nafasi ya maoni," alisema. "Mhusika ana maoni?"

Walisubiri. Hakuna kilichosikika. Juliana alichukua kalamu, akaandika katika nafasi ile, kwa mwandiko wa ubaoni, wa herufi zilizoachana: Alikuwepo.

Mika alisoma. Akasema kwa upole kwamba sehemu ile ni ya mhusika peke yake. Alitoa rula mfukoni, akalikata lile neno kwa mstari mmoja ulionyooka, akaweka herufi za kwanza za jina lake pembeni, kama utaratibu unavyotaka, akachana nakala na kumwachia. Kisha akavaa kofia, akaaga pande zote mbili, upande wa Juliana na upande wa kigoda, akatoka.

Vitus aliuliza kilichokatwa ni nini.

Juliana alimsomea.